Nyufa Kumi na Nne Nilizoziba Doha

Katika miaka kumi na mitatu niliyopiga plasta Doha, nilijenga kitu kimoja tu cha kupendeza, nacho kilikuwa gofu. Nyumba za watu nilizipiga plasta nyingi, na ofisi, na maegesho ya magari ya orofa tatu, na sikumwona mtu hata mmoja akisimama kuzitazama. Lakini gofu lile watu walilipiga picha. Mabibi harusi walisimama mbele yake. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaoshika mwiko leo, mnaoniuliza kila mkija hapa ni kazi gani niliyoifanya Uarabuni ya kujivunia, jibu ndilo hilo: kanisa bovu ambalo halikuwahi kuwa zima.

Mke wangu, ambaye ndiye anayeandika haya huku mimi nikisema, ananiambia nianze mwanzo. Mwanzo siupendi, kwa hiyo nitaanza na hoteli.

Mwenye hoteli alitaka mkahawa katika ua wa ndani, chini ya paa la vioo, ufanane na uwanja wa kijiji cha Ulaya. Kuwe na kisima kisicho na maji, taa za barabarani mahali pasipo barabara, na mwisho wa uwanja kuwe na kanisa la kijiji lililobomoka. Si kanisa lote, uso wake tu na kipande cha ukuta wa ubavuni, ili wageni wale chakula chao wakilitazama likifa. Joji, msimamizi wetu kutoka Kerala, aliuliza kwa nini lisijengwe zima, maana zima ni rahisi zaidi. Akaambiwa kwamba zima halina mvuto. Joji aliandika hilo katika daftari lake kama alivyoandika kila kitu, bila kubishana.

Mchoraji wa kazi ile aliitwa Madam Hana, mwanamke mrefu kutoka nchi moja ya baridi katikati ya Ulaya. Alitembea na bahasha ya picha za kanisa la kijijini kwa bibi yake. Mtindo wake wanauita Baroki. Msiogope neno hilo. Baroki ni ukuta unaokataa kunyooka. Uso wa kanisa unatokeza tumbo katikati, unarudi nyuma mabegani, kisha unatokeza tena. Juu ya mabega kuna mikunjo miwili mikubwa kama pembe za kondoo dume. Chini kuna nguzo bapa zilizogandamana na ukuta, kila moja ina kilemba cha majani, na hakuna hata moja inayobeba kitu. Fundi wangu alikuwa akizigonga na kusema, "Hizi ni mameneja."

Nilimwuliza Madam Hana siku moja kama nguzo za kwa bibi yake zilikuwa za marumaru, maana katika picha ziling'aa mishipa mishipa. Alicheka. Akaniambia kijiji kilikuwa maskini, marumaru hakikuweza, kwa hiyo miaka mia mbili na kitu iliyopita mafundi walizijenga kwa matofali, wakapaka plasta, wakachora mishipa ya marumaru kwa brashi. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Kumbe hata la asili lilikuwa la uongo, na sisi tulikuwa tunaendeleza mila.

Juu kabisa, mahali pa msalaba, aliacha kitako kitupu. Alisema hata kwao msalaba ulianguka kabla yeye hajazaliwa, na kwa njia hiyo hakuna aliyehitaji kujadiliana na mtu kuhusu kusimamisha msalaba Doha. Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, sisi Wakristo tulipanda basi kwenda kusali nje ya mji, katika jengo safi, pana, lisilo na pambo, ambalo ungelipita ukadhani ni ghala la mchele. Jumamosi tulirudi kuchonga maua ya kanisa lisilotarajiwa kusaliwa. Odhiambo, mlinzi wa lango la hoteli na mwenzangu wa chumba kule Industrial Area, kwenye kambi za wafanyakazi, hakuacha kunichokoza. "Buda," alisema, "hii kanisa yenu ni ya kupiga picha tu, na ile ya kuomba haina hata picha."

Sasa nimlete fundi wangu. Aliitwa Hamdi, Mmisri wa miaka sitini na kitu, na kila mtu alimwita Usta, yaani fundi mkuu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane, na kwenye karatasi nilikuwa msaidizi wa kuchanganya. Tulizungumza Kiarabu cha saiti, ambacho kina maneno mia mbili na mikono miwili, kwa hiyo hapa nitasema alichomaanisha.

Alinifundisha kwamba plasta ya jasi iko tayari kusuguliwa pale dole gumba linapoacha alama lakini halitoki na kitu. Alinifundisha kuuvuta ule ukanda wa juu wa ukuta, wenye mifereji na vipandio, kwa bati lililokatwa umbo lake: unaliburuta bati juu ya plasta mbichi kwa mkono mmoja usiosita, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukisita, ukanda unapata kigugumizi. Na alinifundisha kwamba ukuta huulizwa kwa vidole, hautazamwi. Nilidhani hiyo ni hekima. Ilinichukua mwezi kujua kwamba ilikuwa lazima.

Siku niliyogundua, aliniomba ndoo nyekundu. Nikampa ya bluu kwa makosa. Akaipokea, akashukuru, akaendelea na kazi. Nikabaki nimesimama na ile nyekundu mkononi.

Usta Hamdi alikuwa haoni. Si giza kabisa, aliona mwanga na vivuli, lakini mstari wa penseli ukutani kwake ulikuwa haupo. Miwani aliyoivaa aliinunua sokoni kwa sababu ya fremu tu. Alinivuta kando akaniambia amebakiza miezi minane ya mkataba. Joji akijua, visa itakatwa wiki hiyo hiyo. Hakuogopa kurudi kwao, alikuwa na hamu ya kurudi. Aliogopa kurudishwa kama mzigo ulioharibika njiani, yeye ambaye misikiti miwili ya mjini kwao ina kazi ya mkono wake. "Nataka kuondoka fundi," alisema. "Miezi minane tu, Mwadime."

Basi nikawa macho yake. Tulikubaliana hivi: yeye akichonga, mimi nasimama kwenye jukwaa nikijifanya natayarisha mchanganyiko, na nyundo ndogo mkononi. Akipotea kushoto, nagonga bomba la jukwaa mara moja. Akipotea kulia, mara mbili. Nilimwuliza, na ukiwa sawa nikufanyie nini? Akasema, "Nikiwa sawa, nyamaza. Hiyo ndiyo sifa ya fundi." Hivyo ndivyo tulivyochonga zile nyufa.

Maana gofu bila nyufa ni ukuta mchafu tu. Madam Hana alichora nyufa kumi na nne, kila moja na namba yake, kubwa ikiwa namba saba, iliyoshuka kutoka juu hadi dirishani. Zilituchukua wiki tatu za kugonga bomba. Joji alilalamika kwamba jukwaa letu lina kelele. Usta akamwambia ni mimi, nina ugonjwa wa kutikisika mguu, na kuanzia hapo Joji alinionea huruma.

Kisha Madam Hana akasafiri kwao, na Usta akashikwa na homa akabaki kambini siku mbili. Siku ya kwanza ya homa akaja injinia kijana wa kampuni ya washauri, na shati lake limepigwa pasi, na bunda la vibandiko vyekundu. Kazi yake ilikuwa kukagua hoteli nzima na kubandika chekundu palipo na kasoro. Alibandika mlango usiofunga, bomba linalovuja, kigae kilichopinda. Akafika kwenye kanisa. Akaliangalia kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akabandika vibandiko kumi na vinne.

Joji akanijia na daftari. "Kila chekundu, ziba. Khalas, basi."

Hapa vijana mtaniuliza: si ulijua? Nilijua. Sitawadanganya. Nilisimama pale nikijua kwamba hizo ni nyufa zetu. Lakini kibandiko kilikuwa na namba na sahihi, na saiti nilikuwa nimeona kwamba anayeuliza sana hapewi jibu, hupewa tiketi. Na kuna jambo jingine linaloniuma zaidi kulisema: ilikuwa mara ya kwanza kukabidhiwa ukuta peke yangu. Nilitamani sana kuonyesha kwamba mimi si mchanganyaji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nikashika mwiko na kuziziba zote kumi na nne, nikazisugua, nikazipaka rangi ya vumbi. Haikuwahi kutokea maishani mwangu nikaziba ufa vizuri namna ile. Hata mimi mwenyewe nilipoitafuta namba saba baadaye, sikuiona.

Usta alirudi asubuhi ya siku ya tatu. Akapanda jukwaani, akapeleka mkono ukutani kama mtu anayemsalimia rafiki, akaanza kuupapasa. Mkono ukaenda, ukarudi, ukasimama.

"Mwadime. Ufa wangu uko wapi?"

Nilimweleza. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya ndoo, akavua ile miwani isiyo na kazi, akaifuta. Madam Hana alikuwa anarudi kesho kutwa, tena na mwenye hoteli. Jina la Usta ndilo lililoandikwa kwenye ukuta ule. Wangemwambia achonge namba saba upya hapo hapo, mbele ya macho yao wote, bila jukwaa, bila nyundo, bila mimi. Na angeweka patasi mahali pasipo na mstari, na kila mtu angejua. Miezi minane ilikuwa imebaki minne, nami nilikuwa nimeizika kwa mwiko wangu. Niliona aibu mpaka nikatamani ukuta unimeze.

Odhiambo alipita na redio yake ya mkononi, akatuona, akauliza kuna nini. Nilipomwambia alishika kichwa. "We jamaa, uliletwa hapa kuharibu kanisa, ukairekebisha? Sasa utafukuzwa juu ya kazi nzuri!"

Usta hakuelewa Kiswahili, lakini alicheka kwa kusikia Odhiambo anavyocheka. Kisha akanigeukia. "Hatuna muda wa kuchonga. Zile ndogo zitasubiri, lakini kwa hiyo kubwa ukuta itabidi upasuke wenyewe. Wewe, umewahi kupasua ukuta bila kutaka?"

Na hapo ndipo unapoingia ule mwanzo nisioupenda.

Kabla sijaenda Doha, nilipiga plasta kanisa la hapa kwetu Taita, hilo hilo mnalosali. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyewashawishi wanipe kazi. Ukuta wa upande wa jua haukuwa wima, kwa hiyo karibu na kona ya dirisha nilijaza plasta nene, vidole vitatu, na kwingine nyembamba. Ili iwe imara nilizidisha simiti. Sikulowesha matofali kwanza. Wala sikumwagilia maji ile wiki nzima inayotakiwa, maana nilikuwa na haraka ya kulipwa na kuoa huyu anayeandika. Jumapili ya kulizindua, ufa ulikuwa umetoka kona ya dirisha hadi karibu na paa. Jumapili iliyofuata baba alihama benchi lake la miaka yote akaketi upande wa pili, ili asiutazame. Alikaa upande huo mpaka alipofariki, nami nikiwa Doha. Sikuwahi kumsimulia mtu yeyote habari hiyo. Nilimsimulia Usta, kwa maneno mia mbili na mikono miwili.

Alisikiliza kwa makini, akauliza kipimo cha simiti, unene, upande wa jua, upepo. Kisha akasema, "Sawasawa. Fanya hivyo hivyo. Usisahau kosa hata moja."

Tukabandua plasta ya upande wa dirisha. Nikafanya kila nilichokatazwa na kila fundi niliyewahi kufanya naye kazi. Simiti nyingi, ukuta mkavu, plasta nene konani na nyembamba pembeni. Ubaridi wa jengo ulikuwa haujawashwa na paa la vioo lilimwaga joto la Julai juu yetu. Tukaazima feni mbili za wachoma vyuma, tukazielekeza ukutani. Joji akauliza feni za nini. Usta akasema ni kwa ajili ya mguu wangu.

Jioni ya siku hiyo, ukuta mzima. Kesho yake saa sita, mzima. Saa kumi, mzima, laini, imara, kama umepigwa na malaika. Nilikuwa nimeharibu kazi nzuri maishani bila kujitahidi, na siku niliyojitahidi ikanishinda. Kwenye basi la kurudi kambini niliinamisha kichwa nikamwomba Mungu apasue ukuta. Nadhani hakuwahi kupokea ombi kama hilo kutoka kwa fundi.

Asubuhi ya ugeni tulifika mapema. Sikuthubutu kutazama. Usta akapanda, akaweka kidole kwenye kona ya dirisha, akaanza kupandisha. Kidole kikapanda, kikakata kulia, kikapanda tena, kikakata, kikafika mahali asipoweza kufika tena.

"Umekuja," alisema. Ndipo nikatazama.

Madam Hana aliingia na mwenye hoteli, na Joji nyuma yao, na injinia wa vibandiko. Akasimama mbele ya ukuta. Akatoa picha katika bahasha. Akatazama picha, akatazama ukuta.

"Huu si ufa nilioutengeneza mimi," alisema. Joji tayari alikuwa amemnyooshea Usta kidole.

"Nilioutengeneza mimi ulishuka kutoka juu kama radi," akaendelea. "Niliuchora hotelini, kwa rula. Huu umeanzia konani mwa dirisha. Kwa bibi yangu nao ulianzia hapo." Akatueleza pale pale, mwenye hoteli akisikiliza kwa adabu, jinsi kanisa lile lilivyokufa. Halikubomolewa na vita. Watu walihama, kigae kimoja cha paa kikateleza, asiwepo wa kukirudisha. Maji yakaingia kwa hicho kimoja. Baada ya miaka mti ukaota juu ya ukanda, na siku moja ya kazi, bila mtu ndani, dari likashuka. Bibi yake alisikia akiwa anakamua ng'ombe, akaendelea kukamua. Madam Hana alisema hayo kwa sauti ya kawaida, akairudisha picha katika bahasha.

"Nani aliyeufanya?" aliuliza.

"Ni wa Mwadime," Usta akasema. "Ameuleta kutoka kwao."

Usta akanyoosha mkono kumsalimia Madam Hana, na mkono ukaelekea kwa Joji. Madam Hana akauona. Nilimwona akiuona. Akapiga hatua moja kando, akaingia mbele ya ule mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. Kisha akamwambia Joji, "Huyu mzee asiondolewe kwenye ukuta huu mpaka mkataba wake uishe." Joji akaandika katika daftari.

Injinia aliagizwa abandue vibandiko vyake mwenyewe. Joji alipata barua ya pongezi kwa ubunifu, akaiweka kwenye fremu. Mimi nilipandishwa kuwa fundi, kwa sababu ya plasta mbovu kuliko zote nilizowahi kupiga.

Usta aliondoka fundi. Aliniachia miwani. "Utaihitaji," alisema, nami nikacheka.

Miaka michache baadaye maji ya mashine za ubaridi yalianza kuvuja juu ya lile gofu, na likaanza kubomoka kweli, kuanzia juu, kama la kwa bibi yake Madam Hana. Wakatuletea mchoro wa nyufa zilizoruhusiwa na zisizoruhusiwa. Tukaziba za kweli, tukaziacha za uongo. Mwishowe mkahawa ukageuzwa wa Kijapani, nami nikawa miongoni mwa waliopewa nyundo. Kilichojengwa kwa miezi saba kilianguka kabla ya chakula cha mchana. Namba saba ndiyo iliyoanza kuachia, na ndiyo niliyoisikitikia.

Sasa nimerudi, na kamati ya kanisa imeniomba, mimi mtaalamu wa Uarabuni, niuzibe ule ufa wangu kabla ya sherehe za mwaka huu. Nimekubali. Chokaa ninayo, na safari hii tutalowesha matofali, na tutamwagilia maji siku saba, hata mwenyekiti akitaka kuzindua siku ya pili. Nikimaliza nataka kuketi kwenye benchi la zamani la baba.

Tatizo ni dogo. Miwani ya Usta naivaa tangu mwaka jana, na fremu yake ni nzuri sana. Mke wangu anajua, ndiyo maana kalamu anaishika yeye. Kamati haijui, na mwenyekiti nina hakika hasomi vitu virefu namna hii, kwa hiyo aliyefika hapa ni mwenzetu. Nahitaji mmoja wenu Jumamosi, asubuhi. Si lazima ajue plasta. Ajue kushoto na kulia, na aje na nyundo ndogo. Jukwaa tumefunga la mabomba. Nikipotea kushoto, gonga mara moja. Nikipotea kulia, mara mbili. Nikiwa sawa, nyamaza.